Je, Wajua? Kauri Iliyojificha Ndani ya Pesa za Wachina

Je, wajua kwamba Wachina wana herufi inayosomwa "bei", na kwamba sehemu kubwa ya maneno yao ya biashara imejengwa juu yake? Ni hii hapa: 貝. Itamke kama unavyouliza bei ya nyanya sokoni, ila sauti uishushe kwa mkato.

Tusidanganyike lakini. Bei yetu tumeitoa kwa Waarabu, kwenye neno lao la kuuza. Bei ya Wachina imo katika maandishi yao kwa zaidi ya miaka elfu tatu, na maana yake ya asili haikuwa gharama wala thamani. Ilikuwa kauri, lile gamba dogo la konokono wa baharini ambalo watoto wa pwani hulichezea na waganga hulitupa mkekani. Maneno haya mawili hayana udugu wowote, ni kama watu wawili wa jina moja waliokaa kiti kimoja kwenye daladala. Na bado, kila ninapoikumbuka sadfa hii nashindwa kuipita, kwa sababu safari ya herufi hii inaanzia kwenye bahari ya joto kama yetu, na sarafu zilizoibeba zimechimbuliwa mpaka Unguja na Lamu.

Mezani ninapoandika iko kauri moja, ya zile ndogo zinazookotwa kwa wingi pwani ya Afrika Mashariki. Urefu wake ni kama ncha ya kidole gumba. Mgongo ni mweupe wa maziwa, umezungukwa na mstari wa rangi ya dhahabu kama pete, na ndiyo maana jina lake la kisayansi, Monetaria annulus, lina neno la Kilatini la pete. Neno la kwanza katika jina hilo linatokana na pesa. Ukiigeuza unaona tumbo bapa, ufa mrefu katikati, na meno madogo yaliyopangana pande zote mbili za ufa. Aliyeichora 貝 mara ya kwanza aliitazama upande huu wa tumbo. Katika maandishi ya kale kabisa utaona mistari miwili iliyopinda inayotazamana, na kwa ndani vijistari vifupi. Ndio ufa na meno yake. Karne zilivyopita waandishi walikinyoosha kilichopinda, vijistari vya ndani vikalala sawa, na chini ikaota miguu miwili. Ukipewa herufi ya leo peke yake, kisanduku kirefu kilichosimama kwa miguu, huwezi kuota kwamba hiyo ilikuwa kauri.

Je, wajua maandishi hayo ya kale yalipatikana wapi? Kwenye dawa. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, maduka ya dawa za asili nchini China yaliuza vipande vya mifupa mikuukuu vilivyoitwa mifupa ya joka, vikisagwa na kupewa wagonjwa. Mwaka 1899 ofisa msomi wa Beijing, Wang Yirong, aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Kifalme, alitambua kwamba mikwaruzo iliyo juu ya vipande vile ilikuwa maandishi. Hakuuona mwisho wa ugunduzi wake, maana mwaka uliofuata majeshi ya kigeni yalipouteka mji alijitoa uhai. Wengine waliifuata mifupa ile mpaka ilikochimbwa, Anyang, mkoani Henan, penye magofu ya mji mkuu wa mwisho wa nasaba ya Shang.

Wafalme wa Shang walipiga ramli kwa mifupa. Mtaalamu alichukua mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la tumbo la kobe, akachimba vishimo upande wa nyuma bila kutokeza upande wa pili, kisha akaweka kitu cha moto kwenye kishimo hadi mfupa ukapasuka. Ufa uliotokea ndio ulikuwa jibu. Walitaka kujua kama mvua itanyesha, kama waende vitani, kama jino linalomsumbua mfalme ni hasira ya babu fulani, kama mke wa mfalme atajifungua salama. Halafu swali lilichongwa kando ya ufa, na tunashukuru kwamba lilichongwa. Mifupa ya zamani zaidi yenye maandishi ni ya zama za mfalme Wu Ding, miaka kama 1250 KK, na herufi ya kauri imo katika maandishi ya mifupa hiyo.

Sasa fikiria jambo moja. Anyang iko bara, mamia ya kilomita kutoka baharini. Na hata mtu angetembea mpaka Bahari ya Manjano asingezikuta, kwa sababu kauri hizi hupenda maji ya joto yenye matumbawe. Zilitoka mbali kusini, mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, mpaka zikamfikia mtu ambaye hakuwahi kuiona bahari. Mtu huyo ndiye aliyeamua kwamba kitu kinachostahili kusimama badala ya neno thamani ni hiki.

Mwaka 1976 mwanaakiolojia Zheng Zhenxiang na wenzake walifukua pale Anyang kaburi ambalo wezi hawakuwahi kuligusa. Lilikuwa la Fu Hao, mmoja wa wake za Wu Ding, yuleyule ambaye mifupa ya ramli inauliza habari za uzazi wake na za majeshi aliyoyaongoza vitani. Alizikwa na vyombo vya shaba zaidi ya 400, vitu vya jade zaidi ya 700, na kauri zaidi ya 6,800. Hata makaburi ya watu wadogo mjini humo hayakukosa kauri, na wengine walizikwa nazo mdomoni au wakizishika mkononi. Nyingi zilisagwa mgongo mpaka ukatoboka, ili uzi upite.

Hapo kwenye uzi ndipo panaponoga.

Kauri zilizotungwa ziliitwa peng, na herufi yake ni 朋. Michoro ya kale inaonyesha nyuzi mbili zinazoning'inia kutoka juu, na mwanazuoni Wang Guowei alieleza kwamba kila uzi ulikuwa na kauri tano, hivyo shada zima likawa na kauri kumi. Leo hakuna Mchina anayehesabu kauri, ila herufi hiyo anaiandika kila siku katika neno pengyou, yaani rafiki. Wengi wetu tumelisikia neno hilo kwa mafundi wa Kichina wanaojenga barabara na reli. Limeandikwa kwa shada la kauri, ijapokuwa kwa macho ya leo linafanana zaidi na miezi miwili iliyosimama bega kwa bega.

Je, wajua kwamba maneno "Nchi ya Kati", jina ambalo Wachina wenyewe wanaiita nchi yao hadi leo, yalipoandikwa kwa mara ya kwanza tunayoifahamu yaliandikwa kwa sababu ya zawadi ya kauri? Chombo chenyewe ni birika la shaba la kuwekea mvinyo, linalojulikana kama He zun. Lilipatikana mwaka 1963 Baoji, mkoani Shaanxi, kwa mkulima. Baadaye likauzwa kama chuma chakavu, na mwaka 1965 jumba la makumbusho la mji huo likalikomboa kwa yuan 30. Lilikaa kwenye hifadhi miaka kumi kabla ya mtu kulisafisha vizuri, na mwaka 1975 chini ya kutu, ndani kabisa ya kitako chake, yakaonekana maandishi ya herufi 122. Yanasimulia jinsi mfalme wa Zhou, nasaba iliyoifuata Shang, alivyozungumza na vijana wa ukoo wake, akiwataka wafuate mwenendo wa baba zao. Humo ndimo yalimo maneno zhong guo, nchi ya kati, yakiwa na maana ya eneo la katikati lililouzunguka mji wa Luoyang. Mwisho wake, kijana mmoja aitwaye He anapewa mashada 30 ya kauri, na kwa kipato hicho anatengeneza chombo. Mfalme alitoa mashada 30 ya kauri; miaka elfu tatu baadaye mnunuzi alitoa yuan 30.

Kwa hiyo kauri hizi za mwanzo tusizifikirie kama chenji ya kununulia mchicha. Katika maandishi mengi ya shaba zinatoka mkononi mwa mfalme au mkubwa, kwa aliyepigana vita au aliyetumwa akatumika. Zilikuwa heshima unayoweza kuihesabu.

Lakini baadaye kidogo tunamkuta mtu anapiga bei kwa kauri, na huyu nampenda kuliko wote. Anaitwa Qiu Wei, ofisa aliyesimamia mambo ya ngozi na manyoya. Vyombo vyake vya shaba vilifukuliwa mwaka 1975 katika kijiji cha Dongjia, wilaya ya Qishan, huko huko Shaanxi. Kimoja kina habari ifuatayo: mfalme anaandaa sherehe kubwa, na bwana mmoja wa daraja la juu, Ju Bo, anatakiwa kuhudhuria akiwa na kipande cha jade cha kushika mkononi mbele ya mfalme. Ju Bo ana cheo na ana ardhi, jade hana. Anaichukua kwa Qiu Wei. Thamani ya jade inatajwa waziwazi, mashada 80 ya kauri, yaani kauri 800 kwa hesabu ile ya kumi kumi. Ju Bo halipi kauri hata moja. Analipa mashamba 10. Kisha anachukua na vitu vingine vya mapambo vya mashada 20, akaongeza mashamba matatu. Mashahidi wakaitwa, mipaka ikapimwa, na Qiu Wei akayachonga yote kwenye shaba ili wajukuu wa Ju Bo wasije wakageuka. Kauri hapo haipo mezani, ila inasimama kati ya jade na shamba kama kipimo cha kila upande. Hiyo ndiyo kazi ya pesa hasa, na ndipo mahali ambapo 貝 inaanza kufanana na bei yetu kwa maana, licha ya sauti.

Basi tuingie sokoni na herufi hii tuone inavyojificha.

Kununua ni mai, 買. Juu pana wavu, chini pana kauri, na kwenye mifupa ya Anyang wavu huo unaonekana wazi na matundu yake, umefunika kauri kama mvuvi aliyepata. Kuuza nako ni mai, 賣, ila sauti inashuka badala ya kuzama na kupanda. Hapo juu ya wavu na kauri iliongezwa herufi ya kutoka. Anayenunua anaingiza wavuni, anayeuza anatoa nje. Ukiyaweka maneno mawili pamoja unapata neno la kawaida la biashara: mai na mai.

Umaskini ni pin, 貧. Juu pana herufi ya kugawa, chini kauri. Kilichogawanywa mara nyingi hakitoshi. Uroho ni tan, 貪, nao unaandikwa karibu sawasawa na umaskini. Tofauti iko kwenye vijistari vichache vya juu, na wanafunzi wa Kichina huchanganya kila siku. Ghali ni gui, 貴, na herufi hiyo hiyo hubeba heshima, kwa kuwa ukimuuliza Mchina jina la ukoo wake kwa adabu unasema gui xing, kama kusema "ukoo wako wa thamani". Rahisi, pamoja na duni, ni jian, 賤. Ada ni 費, mkopo ni 貸, fidia ni 賠, kamari ni 賭, tuzo ni 賞, pongezi ni 賀, kwa sababu pongezi za zamani hazikuja mikono mitupu. Neno la rushwa, huilu, lina herufi mbili, 賄賂, na kila moja imebeba kauri yake.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vya burudani hulipitia haraka. Nyingi za herufi hizi hazikutungwa kama vitendawili vya picha. Upande mmoja unatoa maana, upande wa pili unatoa sauti tu. Chukua 財, cai, mali. Kushoto ni kauri, inayokwambia kwamba hapa tunazungumzia thamani. Kulia ni 才, ambayo nayo husomwa cai, na kazi yake ni kukusaidia kutamka. Ukiambiwa kwamba mali ni "kauri pamoja na kipaji" kwa sababu 才 peke yake ni kipaji, umepewa hadithi nzuri iliyobuniwa baadaye. Katika 貧, bahati ilifanya kugawa kutoe maana na sauti kwa pamoja, fen na pin zikiwa ndugu wa kale.

Aliyezipanga herufi kwa mafungu ya namna hii ni Xu Shen, aliyeikamilisha kamusi yake, Shuowen Jiezi, mwaka 100 BK. Alikusanya herufi 9,353 na kuzigawa katika koo 540, kauri ikiwa mkuu wa ukoo mmojawapo. Alieleza kwamba ni mnyama wa baharini mwenye gamba, kwamba watu wa kale walitumia kauri kama pesa na kuthamini kobe kama hazina, na kwamba dola ya Qin ndiyo iliyoziondoa kauri ikaleta sarafu. Mwaka 1716 ilipotoka kamusi ya mfalme Kangxi, koo zilikuwa zimepunguzwa hadi 214. Kauri ilibaki, namba 154.

Je, wajua kuna herufi zenye kauri ambayo hata Mchina mwenyewe haioni? Kupata ni de, 得, neno ambalo huwezi kuzungumza Kichina dakika moja bila kulitumia. Leo upande wake wa kulia unaonyesha jua juu ya mstari, na chini mkono. Rudi Anyang. Pale ni mkono ulioshika kauri, basi. Baadaye iliongezwa barabara kushoto, na waandishi wa mbiombio wakaichakaza kauri mpaka ikafanana na jua. Kitoto kichanga ni ying, 嬰: kauri mbili zimekaa juu ya mwanamke, na kauri mbili pamoja ni mkufu wa shingoni. Kweli, au kilichojaa, ni shi, 實. Ni nyumba, na ndani yake kauri zilizotungwa uzi. Nyumba iliyojaa ndiyo kweli; wazee waliona neno tupu na nyumba tupu kuwa kitu kimoja.

Na kuna za uongo. Chungu cha shaba chenye miguu mitatu, ding, 鼎, ambacho wakubwa walikipikia nyama ya tambiko, kilichorwa zamani na miguu yake chini. Kadiri mchoro wake ulivyorahisishwa ndivyo ulivyofanana na kauri, mpaka katika herufi kadhaa vikawa kitu kimoja machoni. Herufi ya kupiga ramli, 貞, inayojirudia maelfu ya mara kwenye mifupa ya Anyang, inaonekana leo kama kauri yenye pembe. Asili yake ni chungu. Kanuni, 則, inaonekana kama kauri na kisu. Ni chungu na kisu. Mwizi, 賊, wengi hueleza kwamba ni mtu anayefuata kauri za wenzake akiwa na silaha. Hapana. Xu Shen aliandika wazi kwamba ni silaha ya vita pamoja na sauti ya 則, maana yake mwizi wa Wachina hakugusa kauri ya mtu.

Inayonishangaza zaidi ni yuan. Kwenye noti za China neno hilo huandikwa 圆, na kwa umbo la zamani 圓. Maana yake ni mviringo, kwa kumbukumbu ya sarafu za fedha za duara. Ndani ya fremu pamekaa kitu chenye sura kamili ya kauri, na mtu yeyote angeapa kwamba pesa za China zimebeba pesa za kale tumboni. Lakini sehemu hiyo, 員, ilianza kama chungu chenye duara juu yake, kuonyesha mdomo wake wa mviringo. Kwa hiyo katika maneno ada, mkopo, tuzo na rushwa kuna kauri ya kweli, na kwenye noti yenyewe kuna chungu cha kupikia.

Kauri zenyewe zilikwisha lini? Kwanza zilianza kuigizwa. Palipokosekana za baharini watu walichonga za mfupa, jiwe na jade, na mafundi wa Shang wakamimina za shaba. Dola ya Chu, kusini, ilitoa vipande vidogo vya shaba vyenye umbo la kauri na herufi juu yake, na wakusanyaji huviita "uso wa shetani" kwa sababu ya matundu na mikwaruzo inayofanana na sura. Mwaka 221 KK mfalme wa kwanza wa Qin aliziunganisha dola zote, akaeneza sarafu ya duara yenye tundu la mraba. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, Wang Mang, aliyenyakua kiti cha nasaba ya Han na ambaye aliyapenda mambo ya kale kupita kiasi, alijaribu kuzirudisha. Mwaka 10 BK alitangaza pesa za aina 28, zikiwemo kauri za daraja tano na magamba ya kobe. Watu hawakuzikubali, na mfumo wote ukaporomoka.

Yunnan, kusini magharibi, hawakuhitaji amri ya mtu. Huko kauri ziliendelea kununua na kuuza mpaka karne ya 17. Marco Polo aliziona zikitumika katika karne ya 13, na karne ya 15 Ma Huan, mkalimani Mwislamu aliyesafiri na meli za amiri wa China, Zheng He, aliandika jinsi watu wa Maldivi walivyozikusanya kwa marundo, wakaziacha nyama zioze, halafu wakaziuza Siam na Bengal zitumike kama pesa.

Mwaka 1956 serikali ya China ilianza kurahisisha herufi, na 貝 yenye mistari saba ya kalamu ikawa 贝 yenye minne. Nyingine zilipoteza kauri kabisa. Kununua sasa ni 买, kuuza ni 卖, kweli ni 实, na hazina, iliyokuwa 寶, yaani nyumba yenye jade, mtungi na kauri, imebaki 宝, nyumba na jade tu. Naelewa sababu, watu mamilioni walikuwa hawajui kusoma na kila mstari uliopungua ulikuwa msaada. Hata hivyo roho inaniuma nikiitazama 买 bila wavu wake na bila ulichonasa. Taiwan na Hong Kong bado wanaandika za zamani.

Haya mafupi uyapokee njiani. Mpenzi au mtoto mpendwa huitwa baobei, hazina-kauri. Beethoven, kwa Kichina, anaanza na kauri: Beiduofen. Wajapani huisoma 貝 "kai", na kwao imebaki na maana ya gamba la baharini.

Je, wajua kwamba Waswahili na Waitaliano waliwahi kufikiri sawa kuhusu kauri bila kuulizana? Sisi tunasema vyombo vya kauri, tukimaanisha sahani na bakuli nyeupe za kung'aa. Waitaliano waliliita gamba hili porcellana, na vyombo vya Kichina vilipowafikia, vikiwa na weupe na mng'ao uleule, wakavipa jina hilo hilo, na Ulaya nzima ikafuata. Neno letu kauri limetoka Bara Hindi likitaja gamba, nalo limehamia kwenye sahani vilevile. Nenda ukaone makaburi ya minara ya Kunduchi au Mambrui, mahali ambapo mafundi wa pwani walipachika vyombo vya Kichina ukutani. Kiswahili kinaviita kauri, na Mchina aliyevichoma tanuruni aliihesabu thamani yake kwa herufi ya kauri.

Pwani yetu nayo iliuza kauri kwelikweli. Katikati ya miaka ya 1840 kampuni ya Hertz ya Hamburg ilianza kuzibeba kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, ambako zilikuwa pesa. Zilikuwa annulus, kama hii iliyo mezani kwangu, na zilipelekwa kwa shehena kubwa mno hata thamani ya kauri huko ikashuka vibaya. Buganda nako zilitumika sokoni zikiitwa ensimbi, jina lile lile la simbi, yaani kauri, zetu. Muulize leo Mganda pesa anaziitaje. Atakwambia ensimbi, naye ameshika noti.

Mwaka 1945 kulichimbuliwa Kajengwa, karibu na Makunduchi, kusini mwa Unguja, akiba ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za nasaba ya Song. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kichina na wa Kenya walipata sarafu nyingine Mambrui, na mwaka 2013 ikapatikana moja katika kisiwa cha Manda, Lamu. Hizi mbili za Kenya ni za mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424 na kumtuma Zheng He baharini. Ni sarafu ya shaba, ya duara, yenye tundu la mraba katikati, na herufi nne zimelizunguka tundu. Juu na chini linasomeka jina la zama za mfalme. Kulia pana neno la kupita kutoka mkono hadi mkono. Kushoto pana 寶, hazina, kwa umbo lake la zamani: paa la nyumba, chini ya paa jade na mtungi, na chini kabisa, ndogo kuliko punje ya mchele, kauri.